Mwinjilisti Aliyeanguka Madhabahuni: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Mwambao wa Kigoma

Kisa hiki ni cha kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mahali ambapo ukitaka kwenda mjini unapanda boti la abiria asubuhi na kushukia Kibirizi. Mhusika ameridhia kiandikwe, kwa sharti kwamba yeye, kijiji na dhehebu lake visitajwe, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha asitambulike. Nitamwita Mwinjilisti, kwa kuwa ndivyo kijiji kizima kinavyomwita, Waislamu wakiwemo.

Nimekichagua kwa sababu mahubiri yetu kuhusu udhaifu mara nyingi huanza na kuishia kwenye mstari mmoja wa Paulo, "Neema yangu yakutosha; maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu," kanisa likaitikia "Amina" na watu wakaenda zao. Mstari ni wa kweli kabisa. Ila jioni ya siku hiyohiyo mtu anaanguka tena nyumbani kwake, na hapo ndipo inapoonekana kanisa lilikuwa limeuelewa au lilikuwa linaukariri tu.

Mtu mwenyewe

Ana miaka arobaini na kitu. Tawi analoliongoza halifiki waumini mia, wengi wao familia za wavuvi wa dagaa na wakamuaji wa mawese. Siku za kazi yeye ni mchuuzi wa mawese: anayakusanya kwa madumu kutoka kwa wakamuaji wa milimani na kuyashusha Kibirizi. Siku ya ibada alikuwa mtu mwingine. Sauti yake haikuhitaji spika. Alisifika kwa kuombea wagonjwa, na watu walikuwa wakitoka vijiji vya jirani usiku usiku kumfuata.

Kati ya aliowaombea miaka ya nyuma alikuwemo binti wa miaka kama kumi mwenye kifafa. Mama yake, muuza dagaa, alikuwa amekwisha kumpeleka hospitali, binti anameza vidonge, na miezi ilikuwa inapita bila kuanguka. Mwinjilisti aliomba, akatangaza kwamba pepo limetoka, kisha akasema maneno ambayo yule mama anayakumbuka neno kwa neno: "Ukiendelea na hivyo vidonge, unamwambia Mungu humwamini." Vidonge vikatupwa chooni. Haukupita muda mrefu binti akaanguka akiwa peke yake jikoni, mkono wa kushoto ukatua kwenye mafiga. Kidonda kilipona kwa kujikunja. Vidole viwili havinyooki hadi leo. Kanisani ikaelezwa kwamba pepo limerudi kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mashaka, na binti akaambiwa hatabatizwa mpaka awe huru kabisa. Mama hakuhama kanisa. Alihamia benchi la nyuma.

Jumapili yenyewe

Mwinjilisti alikuwa katikati ya mahubiri. Wanaokumbuka vizuri wanasema alinyamaza ghafla, akawa anautazama mkono wake wa kulia kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akaanguka kwa kishindo na kuipiga meza ya sadaka. Sarafu zikatawanyika sakafuni. Watu wa benchi za mbele wakarudi nyuma wakigongana. Kuna aliyepaza sauti, "Msimguse! Linatafuta pa kuhamia!" Mzee mmoja wa kanisa, kwa nia njema kabisa, akapiga magoti na kuanza kupenyeza kalamu kati ya meno yake.

Muuza dagaa akapita katikati ya watu kutoka mwisho kabisa wa kanisa. Alivua kitenge cha mabegani, akakikunja na kukiweka chini ya kichwa cha yule mtu. Akalegeza tai, akafungua mkanda, akamlaza ubavu ili mate yatoke nje yasimpalie. "Toa kalamu hiyo, Mzee. Usimtie kitu mdomoni." Akainua macho kwenye saa ya ukutani. "Zikifika dakika tano, tafuteni boti." Kisha akaagiza wanawake wawili washike vitenge kumzunguka, kwa sababu suruali ilikuwa imelowa na watoto walikuwa wanachungulia.

Hazikufika tano. Alipofumbua macho aliuliza, "Tumeishia mstari wa ngapi?"

Kila alichofanya mama yule ndicho wauguzi wanachofundisha ndugu wa mgonjwa wa kifafa: mlaze ubavu, weka kitu laini chini ya kichwa, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimzuie kwa nguvu, usimtie kitu mdomoni, hesabu muda, degedege likipita dakika tano au likirudi kabla hajapata fahamu, ni safari ya hospitali. Kumgusa hakuambukizi, wala povu lake haliambukizi. Aliyajua hayo kliniki, zamani, akiwa na binti yake mgongoni. Kwa maneno mengine, siku ambayo mtumishi aliishiwa nguvu mbele ya kanisa, mtu pekee aliyejua la kufanya alikuwa yule ambaye nguvu za mtumishi huyo zilimuumiza.

Baraza la wazee

Baraza lilikaa jioni ileile. Walioshiriki wananiambia kulikuwa na maelezo matatu mezani: kwamba ana dhambi ya siri, kwamba mapepo aliyoyatoa kwa wengine yamemgeukia, kwamba amerogwa na washindani wa biashara. La nne, kwamba anaumwa, halikusemwa na mtu. Wakaazimia "apumzike madhabahuni hadi apone," na kanisa zima lifunge siku tatu.

Sina neno na mfungo. Kumsihi Bwana aondoe ugonjwa ni haki ya kila Mkristo, na Paulo mwenyewe anasema alisihi mara tatu. Tatizo ni ile "hadi apone." Baraza lilikuwa limemfungia mlango mtu bila kumwuliza daktari kama ugonjwa wake ni wa aina inayopona, na bila kujiuliza litafanya nini naye kama haukupona.

Alianguka tena nyumbani. Akaanguka mara nyingine ndani ya boti, madumu ya mawese miguuni, karibu kabisa na Kibirizi. Abiria wawili walimshika asichomoke ukingoni. Nahodha, Mwislamu mtu wa Ujiji, alipofika ufukweni aliwaacha vijana wake washushe mizigo, akamtafutia bodaboda, akapanda naye nyuma akimshikilia hadi Hospitali ya Maweni. Nauli alilipa yeye. "Mwinjilisti," alimwambia kabla ya kumwacha, "boti langu utapanda, lakini si peke yako tena."

Hospitali walimwuliza mambo ambayo baraza halikumwuliza: kama aliwahi kuumia kichwa, kama aliwahi kuugua malaria kali utotoni, kama anakula nyama ya nguruwe na huivaje, maana mayai ya minyoo tegu wa nguruwe yakiingia mwilini huanguliwa, na viluwiluwi vyake vinaweza kufika hadi kwenye ubongo na kusababisha degedege. Walimweleza kwamba kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo, kwamba kwa wagonjwa wengi chanzo hakionekani, na kwamba wengi wakimeza dawa kila siku huacha kabisa kuanguka. Asiendeshe pikipiki. Asipande michikichi. Asiingie ziwani peke yake. Na dawa asiiache ghafla, hata akijisikia mzima.

Vidonge alivificha kwenye kava la Biblia, lile la zipu, upande wa kalamu. Mke wake pekee ndiye aliyejua.

Ushuhuda

Hapa ndipo kisa kinapopata uzito wake, na ndipo ninapoomba msomaji asiende haraka.

Dawa ilifanya kazi. Wiki zikawa miezi bila kuanguka. Waumini wakaanza kumwuliza, "Mtumishi, mbona hutoi ushuhuda?" Akautoa. Alisimama akasema Mungu amemponya, vigelegele vikapigwa, na Jumapili iliyofuata akarudishwa madhabahuni. Kuhusu vidonge hakutaja hata kimoja.

Ananieleza kwamba baada ya siku hiyo kumeza kulimshinda. Kila usiku, saa tatu, alifungua zipu, akakitazama kidonge, akajiona mwongo. Angeweza kuurekebisha ushuhuda ulingane na kidonge. Akachagua kukiacha kidonge ili ushuhuda uwe kweli. Kabla wiki haijaisha alipata degedege moja juu ya jingine bila kuzinduka katikati, jambo ambalo kuacha dawa ghafla linaweza kabisa kulileta, na akapelekwa Maweni kwa boti la usiku akiwa hajitambui. Alinusurika kidogo tu.

Ukikipanga kisa hiki vizuri, utaona ndani ya mtu mmoja kulikuwa na vitu viwili tofauti. Kimoja ni kifafa: hakukitafuta, hakukitenda, hakuna cha kutubia ndani yake. Kingine ni kiburi: kile kilichomfanya avitupe vidonge vya binti wa mtu, na baadaye kilimfanya aseme uongo akiwa na Biblia mkononi. Kimoja ni udhaifu, kingine ni dhambi. Sasa tazama kanisa lilivyovigawa. Lilimtaka atubu ugonjwa, na likaupigia uongo vigelegele.

Mchanganyo huu hauko kijiji kile peke yake. Nimewasikia watu wakisema "ni udhaifu wangu tu" wakimaanisha hasira ya kupiga mke, au mkono mwepesi kwenye fedha za kikundi. Paulo anapoandika katika 2 Wakorintho 12 kwamba atajisifia udhaifu wake, anataja udhaifu, ufidhuli anaotendewa, misiba, adha na shida. Hataji hata dhambi moja. Dhambi ina njia yake: kukiri, kuacha, kurudisha kilichoharibika. Ukiipeleka dhambi kwenye mstari wa "neema yangu yakutosha," unaibariki. Ukiupeleka udhaifu kwenye toba, unamtwisha mgonjwa hatia isiyo yake.

Kuna jambo la kihistoria linalonisumbua hapa. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki ulikuwa na desturi ya ushuhuda ambamo mtu alisimama akasema alichoiba, aliyemchukia, alichomficha mwenzake. Wenyewe waliita kutembea nuruni. Desturi ile ilikuwa na kasoro zake. Wengine walikiri mambo ambayo hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto. Lakini angalau muumini aliruhusiwa kuonekana ameshindwa. Katika makanisa mengi ya leo ushuhuda umebaki na mlango mmoja tu, wa ushindi. Asiye na ushindi hana la kusema, na mwenye nusu ya ushindi anashawishika kuukamilisha mwenyewe. Mwinjilisti alikuwa na habari njema halisi, kwamba Mungu amemfikisha kwenye dawa inayomsaidia. Kanisa lake halikuwa na nafasi ya ushuhuda wa namna hiyo.

Paulo na Wakorintho

Mara nyingi tunausoma mwiba wa Paulo, ule anaosema alipewa mwilini, kana kwamba aliandika kwa ajili ya wagonjwa. Aliandika akijitetea. Kulikuwa na watu Korintho waliosema nyaraka zake ni nzito na hodari, bali akiwapo mwilini ni dhaifu na maneno yake si kitu. Hiyo iko katika sura ya 10. Walitaka mtume mwenye umbo na sauti. Jibu lake ni la ajabu. Badala ya kuorodhesha miujiza, anasimulia jinsi alivyotoroka Dameski akiteremshwa ukutani ndani ya kapu kama mzigo wa sokoni, kisha ndipo anataja maono, na hapohapo mwiba.

Mwiba huo ulikuwa nini, Biblia haisemi. Wapo wanaodhani ni macho, wapo wanaodhani ni kifafa, na Mwinjilisti alipenda sana dhana hiyo ya pili nilipoitaja, lakini sikumwachia aishike. Tunachokijua ni mambo matatu ambayo yote yanasemwa katika aya tatu: Paulo anauita mjumbe wa Shetani, aliomba uondoke, haukuondoka. Kwa hiyo si lazima mtu auite ugonjwa wake zawadi ili apate neema ndani yake. Nasema hivi kwa sababu nimeshaona wafariji wenye haraka wakimwambia mgonjwa amshukuru Mungu kwa kifafa. Paulo hakufanya hivyo. Alichokifurahia ni uweza wa Kristo uliokaa juu yake wakati mwiba bado upo.

Kuhusu kifafa chenyewe, wanaokiita pepo hukimbilia Marko 9, yule kijana aliyetupwa motoni na majini. Ni kweli kisa hicho kinataja pepo. Lakini Mathayo 4:24, inapowahesabu walioletwa kwa Yesu, inawataja wenye pepo, na wenye kifafa, na wenye kupooza, kila kundi peke yake. Aliyeandika aliweza kutofautisha. Sisi tuna sababu gani ya kushindwa? Na katika Marko 9 hiyohiyo anayehojiwa imani ni baba. Kijana haulizwi. Baba naye anajibu kwa imani ya nusu, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na inatosha. Yule mama wa benchi la nyuma alishtakiwa kwa mashaka yaleyale ambayo Yesu hakuyakataa.

Mkekani

Alipotoka hospitali mara ya pili, Mwinjilisti hakuanzia kanisani. Alikwenda na mke wake kwa muuza dagaa. Mama alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja. Hakuacha kazi, ila aliwaonyesha mkeka. Mwinjilisti akasema alichokuja kusema. Kikao hiki nimesimuliwa na watu watatu waliokuwapo, na wanakubaliana kuhusu jibu.

"Mimi sikudai kitu, Mwinjilisti. Ila mwenye mkono ni yule. Mwombe yeye."

Binti, sasa msichana mkubwa, akaitwa kutoka ndani. Hakulia wala hakutabasamu. "Uliniambia nikinywa dawa sina imani. Wewe unakunywa?"

Mwinjilisti akafungua zipu ya kava la Biblia na kuonyesha. "Nakunywa."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu usiku."

"Na mimi saa tatu."

Hakusema amemsamehe. Siku hiyo hakusema lolote zaidi. Jumapili iliyofuata Mwinjilisti alisimama sakafuni, chini ya madhabahu, akasema yote mawili: kwamba ana kifafa na anatumia dawa, na kwamba alidanganya. Aliyatenganisha. Kwa la kwanza aliomba msaada, kwa la pili aliomba msamaha. Akaongeza kwamba mtu yeyote aliyeacha dawa kwa neno lake arudi hospitali, na nauli ya boti ataitoa yeye mwenyewe kwenye mawese.

Familia nne zilihama kanisa.

Kilichokua

Mzee aliyekuwa mkali kuliko wote barazani alitoa hoja ambayo haifai kudharauliwa: mtumishi wa Mungu hawezi kuonekana hoi mbele ya watu, watamwaminije Mungu wake? Mchungaji wa kanisa mama, aliyekuja kwa ajili ya kikao hicho, alimjibu kwa habari ya Ujiji. Kila mtoto wa Kigoma anafundishwa kwamba Stanley alimkuta Livingstone pale mwaka 1871. Wachache wanaambiwa hali aliyomkuta nayo. Livingstone alikuwa amefika Ujiji mwezi Oktoba akiwa mgonjwa, akakuta vifaa vyake vimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa avitunze, na katika shajara yake akajifananisha na yule msafiri wa kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Mmisionari anayetajwa kuliko wote nchi hii, akasema mchungaji, tuliyempata hapa jirani alikuwa mtu wa kusaidiwa.

Sijui kama mzee alishawishika. Alinyamaza, na baraza likaendelea na ajenda.

Walichoamua ndicho ninachokiona kuwa kiini cha kisa hiki. Hadi hapo swali la kanisa lilikuwa moja: kitamtoka lini? Mchungaji aliwabadilishia swali: wakati bado kipo, nani atafanya nini? Mwinjilisti anahubiri akiwa amekaa kwenye kiti, na mzee mmoja amekaa karibu naye. Hasafiri peke yake. Maombi ya wagonjwa hayafanywi tena na mtu mmoja. Wanaomba watatu, mmoja wao muuza dagaa, na swali la kwanza kwa mgonjwa ni dawa gani anatumia na kama zimebaki za kutosha. Sehemu ya sadaka ya Jumapili ya mwisho wa mwezi inakwenda kwenye nauli za Maweni. Vijana wa kwaya wamefundishwa kumlaza mtu ubavu.

Musa alipolalamika kwamba ni mzito wa kusema, Mungu hakumfungua ulimi. Alimpa Haruni. Kazi iliyokuwa ya mtu mmoja ikawa ya wawili, na sidhani kama hilo lilikuwa jibu la pili kwa ubora. Katika tawi hili karama zilizokuwa zimefunikwa na sauti ya mtu mmoja zimeonekana kwa sababu sauti hiyo ilikatika. Mama aliyekuwa benchi la nyuma ana uelewa wa wagonjwa ambao Mwinjilisti hakuwa nao katika miaka yake yote ya kuwekea watu mikono.

Na yeye mwenyewe? Nilimwuliza kama amekua kiroho. Alicheka. Anasema anahubiri kwa nusu ya muda wa zamani na watu wanakumbuka zaidi. Anasema kuombewa ni kazi ngumu kuliko kuombea, kwa sababu hujui uiweke wapi mikono yako. Nilimwona siku moja akiombewa na wale watatu. Alikuwa akiipangusa kwenye magoti muda wote.

Tahadhari kwa wanaotaka kukitumia kisa hiki

Mstari wa "neema yangu yakutosha" Bwana alimwambia Paulo. Paulo hakumwambia mtu mwingine. Waangalie maskini wa Yerusalemu: hakuwaandikia kwamba udhaifu wao ni nafasi ya uweza wa Mungu, hivyo watulie. Katika waraka huohuo, sura ya 8 na ya 9, anawachangisha Wakorintho fedha kwa ajili yao, na anasema wazi anataka pawe na usawa. Kwa mwiba wake alipokea neema. Kwa upungufu wa wengine alipitisha kapu la michango. Mkristo anayeugeuza mpangilio huo, akajichangishia mwenyewe na kuwahubiria wenzake neema, ameshika waraka kichwa chini.

Kwa hiyo asitokee mtu akachukua kisa hiki na kumwambia mgonjwa wa kifafa asiye na nauli ya kliniki kwamba udhaifu ni shule. Mpe nauli. Mpe mtu wa kusafiri naye. Hayo mengine Mungu atamwambia mwenyewe, akitaka.

Nisingependa pia ionekane kwamba mambo yamenyooka. Mwinjilisti ameanguka tena tangu hapo, mara chache, na dozi yake imebadilishwa. Msichana anamsalimia lakini haombewi naye. Waliohama hawajarudi.

Suala lililobaki mezani ni ubatizo. Kanisa hili hubatiza kwa maji mengi, ziwani, na siku zote Mwinjilisti ndiye aliyeingia majini hadi kiunoni na kuwazamisha wanaobatizwa. Hawezi tena, na hapa nakubaliana na daktari bila kusita: mtu mwenye kifafa hasimami majini akiwa amemshika mtu mwingine. Wapo waumini wanaosema ubatizo wao hautakuwa na uzito asipoingia yeye. Pendekezo la mchungaji ni kwamba yeye akae ufukweni, awaulize maswali ya imani na kuwaita kwa majina, na wazee wawili ndio waingie.

Msichana naye amejiandikisha darasa la ubatizo. Kwa hiyo swali la maji limekuja mara mbili, na la kwake halikwepeki kwa kumkalisha ufukweni. Wameafikiana iwe asubuhi ziwa likiwa limetulia, maji yasipite mapajani, awe hajakosa dawa hata siku moja wiki hiyo, na nahodha yule wa Ujiji alete boti lake na maboya. Mama yake ameomba aingie naye majini, pamoja na wazee wawili. Mzee mkali wa baraza ameuliza kama mtu mmoja kushikwa na watu watatu ni ubatizo halali. Mchungaji amemjibu kwamba hajaona andiko linalokataza, na akiliona amletee.